Kidude cha Kubana Kidole Hakisomi Ngozi Zote Sawa

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tumekwisha kubanwa kidole zahanati. Kidude ni kama kibanio cha nguo, jina lake oksimita, nacho huonyesha namba: 98, 95, 90. Ni makadirio ya damu iliyobeba oksijeni katika kila mia. Namba ikiwa juu, mgonjwa huambiwa ni mzima, rudi kazini. Basi tumeona tuieleze.

Kidude hutoa mianga miwili, mmoja mwekundu, mwingine usioonekana kwa macho. Upande wa pili wa kidole hupimwa kiasi kilichopenya. Damu yenye oksijeni hupitisha mwanga mwekundu zaidi, na hesabu hutoka hapo. Njia hii ilibuniwa na Takuo Aoyagi, mhandisi wa Japani, na kutangazwa mwaka 1974. Kazi njema sana, imeokoa wengi.

Lakini mwanga hupita pia katika ngozi, na ngozi nyeusi hunywa mwanga zaidi. Wataalamu wa Marekani waliliona jambo hili mwaka 1990, wakaliona tena mwaka 2005: oksijeni inaposhuka, kidude husoma juu mno kwa mtu mweusi. Vidude vikaendelea kuuzwa. Ikaja korona. Desemba 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za kidude na damu iliyotolewa mshipani. Pale kidude kiliposema 92 hadi 96, damu yenyewe ilikuwa chini ya 88 katika vipimo karibu 12 kwa kila mia vya wagonjwa weusi. Kwa weupe havikufika 4.

Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliridhika kidude kikijaribiwa kwa watu 10, wenye ngozi nyeusi wakiwa 2. Wawili! Muonja chai kiwandani huonja vikombe vingi kuliko hivyo. Januari 2025 ilitolewa rasimu inayotaka watu wengi zaidi na ngozi za kila rangi, ila vidude vya zamani bado vimo makabatini.

Liko jingine linalotugusa sisi wa boila, matanuru ya kukaushia chai na jenereta. Moshi una hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Kidude cha kawaida hakiitambui, huihesabu kuwa oksijeni, kikaonyesha 99 mtu anakaribia kuzimia. Tumekwisha kumwona mwenzetu akirudishwa kwenye zamu kwa namba nzuri huku kichwa kinampasuka. Wa zamu moja wakiumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu kwa pamoja, watolewe nje kwanza, kisha wapelekwe hospitali wapewe oksijeni na damu ipimwe, namba iseme itakavyo.

Kamati za matawi zimdai mganga ahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima akipita 30, hali ni ya hatari. Mikono ya baridi ipashwe moto, rangi ya kucha ifutwe. Na namba ya kila mgonjwa iandikwe daftarini kila apimwapo, maana aliyekuwa 97 jana akawa 93 leo anashuka, hata kama kidude bado kinamwita mzima.