Remmy Ongala: Wimbo Uliokosa Njia Nyumbani

Ndugu msomaji, je, umepata kujiuliza wimbo uupendao ulikufikia kwa njia gani? Kwa mfanyakazi wa Dar es Salaam wa miaka ya 1980 jibu lilikuwa jepesi: alikwenda dansini mwisho wa wiki. Bali kwa mkulima wa korosho kule Mbesa, mkoani Ruvuma, njia kuu ilikuwa moja, nayo ni Redio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilirekodi studioni humo, na nyimbo zikavuma nchi nzima. Lakini santuri nyingi zilifyatuliwa Nairobi.

Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Ramadhani Mtoro Ongala, maarufu kwa jina la Remmy. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, na alifiwa na wazazi wake wote wawili kabla ya kutimiza miaka 20. Mwaka 1978 aliingia Dar es Salaam kupiga gitaa katika Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila, bendi iliyopewa jina la mfanyabiashara mwenye ala. Fikiri maana yake: mmoja ana vidole, mwingine ana gitaa. Ndiyo maana alipoimba juu ya mnyonge hakuwa akihadithiwa.

Kaseti yake moja ilichukuliwa na rafiki aliyekuwa akirejea Uingereza, ikawafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD. Mwaka 1988 bendi ikaalikwa Ulaya. Real World, kampuni changa ya mwanamuziki Peter Gabriel, isiyokuwa miongoni mwa makampuni makubwa ya santuri, ilitoa *Songs for the Poor Man* mwaka 1989 na *Mambo* mwaka 1992.

Hata hivyo, kuvuka bahari kulikuwa rahisi kuliko kuvuka haya zetu. Ukimwi ulikuwa umekwisha kugunduliwa nchini tangu mwaka 1983, na wazazi wengi walishindwa kuitaja kondomu mbele ya vijana wao. Mwaka 1990 Remmy aliitaja, akaiita soksi, katika wimbo wake “Mambo kwa Soksi”. Redio ilikataa kuupiga. Wimbo ukabaki na kumbi za dansi na kaseti. Na mwenye kutegemea redio peke yake, kama yule mkulima wa Mbesa, alinyimwa onyo ambalo wacheza dansi wa mjini walikuwa wakilipata kila wiki.

Remmy, ambaye mwishoni aligeukia nyimbo za Injili, alifariki dunia tarehe 13 Desemba, 2010. Jina lake limebaki katika kituo cha mabasi cha Sinza kwa Remmy.

Basi, ndugu mzazi, ushukapo kituoni hapo, kumbuka kwamba nyumba nayo ina redio yake, na mwenye kuifungua ni wewe. Mwanao akikuuliza jambo zito usilifungie. Lisiposemwa nyumbani, atalisikia kwingine, au atalisikia akiwa amechelewa.