Mbegu ya pombe: uichague vema, uitunze safi



Siku ya mshahara, siku ya ndoa, siku ya kumaliza matanga: kwetu Katanga watu hawakusanyiki bila nyungu ya munkoyo au ya kibuku. Ukurasa huu haukuja kukukataza. Umekuja kukueleza jambo ambalo wengi hawaliangalii, yaani ile mbegu inayochachusha.

Chukua mfano huu. Mama anapika leo, kinywaji ni kizuri, wageni wanasifu. Juma lijalo anapika tena kwa mahindi yale yale na sufuria ile ile, lakini kinywaji kinakuwa kikali kama siki na wanywaji wanaumwa tumbo. Atasema jirani amemwonea wivu. Hapana, mama. Mara nyingi kosa liko katika mbegu, au katika chombo ulimoiweka.

CHACHU NI NINI?

Chachu, ile ambayo wengi wetu tunaiita levire, si dawa wala unga tu. Ni kitu chenye uhai. Ni vijidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vinakula sukari iliyo katika uji, na vikiisha kula vinatoa vitu viwili: pombe, na hewa inayofanya povu. Mfaransa Louis Pasteur ndiye aliyeonyesha, kuanzia mwaka 1857, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Mwaka 1883, mjini Copenhagen, Emil Christian Hansen aliweza kutenga aina moja tu ya chachu na kuikuza peke yake, safi. Tangu hapo viwanda vya bia huchunga chachu yao kama mfugaji anavyochunga ng'ombe wa mbegu.

Nyumbani hatuna mashine zao. Lakini sheria ni ile ile: ukipanda mbegu mbaya, utavuna kibaya.

MBEGU INATOKA WAPI?

Kwetu inatoka njia tatu.

Ya kwanza ni ile inayokuja yenyewe. Mizizi ya munkoyo kazi yake ni kulainisha uji na kuutia utamu, lakini juu ya mizizi hiyo, na ndani ya kibuyu cha zamani, kuna chachu na vijidudu vya uchachu. Njia hii ni ya wazee. Ubaya wake ni kwamba hujui hasa umeingiza nini. Kwa hiyo nunua mizizi kwa mtu unayemfahamu, mizizi mikavu isiyo na ukungu, na uioshe kabla ya kuiponda.

Ya pili ni machicha ya nyungu iliyotangulia. Hii ni njia nzuri, kama nyungu hiyo ilikuwa nzuri. Usichukue machicha ya kinywaji kilichoharibika ukifikiri kwamba safari hii kitapona. Hakitapona.

Ya tatu ni levire kavu ya dukani, ile ya kupikia mkate. Inafanya kazi haraka, nayo ni safi kama kikaratasi hakijapasuka na tarehe yake haijapita.

NAMNA YA KUIPIMA

Kabla ya kumwaga mbegu katika nyungu nzima, ijaribu. Chukua kikombe cha maji yaliyochemka, uyaache mpaka yawe vuguvugu. Tia kijiko cha sukari, kisha kijiko cha mbegu. Levire ya dukani ikiwa hai, povu litapanda kwa muda wa robo saa hivi. Machicha huenda polepole zaidi. Yape saa moja au mbili. Kama hakuna povu, mbegu imekufa. Hujapoteza unga wako.

Tumia pia pua na macho. Mbegu nzuri inanukia mkate au matunda. Ikinuka kama kitu kilichooza, ikiwa na rangi nyekundu au ya kijani, au ikiota manyoya meusi juu, tupa yote. Usitoe ukungu kwa kijiko na kutumia kilichobaki chini, maana mizizi ya ukungu haionekani.

MOTO NA BARIDI

Chachu inapenda joto kama la mchana wetu, nyuzi 25 hadi 35. Ukiitia katika uji wa moto unaozidi nyuzi 50, unaiua. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la uji upande wa ndani wa mkono, kama unavyopima maziwa ya mtoto. Lisipokuchoma, tia mbegu.

Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi, na chachu inalala. Hapo wengine huweka nyungu chumbani kando ya mbabula ya makaa na kufunga mlango. Jamaa, hiyo ni hatari ya kifo! Makaa yanatoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu, na anayelala hapo anaweza asiamke. Funika nyungu kwa blanketi la zamani. Inatosha.

KUITUNZA

Chukua mbegu siku nyungu inapotoa povu kwa nguvu, si siku ya nne ilipokwisha kuwa siki. Itie katika chupa iliyochemshwa, kwa kijiko kilichochemshwa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni. Weka mahali pa baridi, mbali na jua. Kifuniko kisikazwe sana: chachu inaendelea kutoa hewa, na chupa iliyozibwa kabisa inaweza kupasuka na kutoboa jicho la mtoto. Ukikaa zaidi ya juma moja bila kupika, afadhali uanze na mbegu mpya.

CHOMBO: HAPA MFANYAKAZI ANAJUA KUTUSHINDA

Wewe uliyefanya kazi katika kiwanda cha kuyeyusha shaba kwa asidi, kama wazee wetu wa Shituru na Luilu, unajua asidi inavyokula madini. Sasa fikiri: kinywaji kilichochacha nacho ni asidi, ingawa ni ndogo. Ukikiweka kwa siku mbili katika ndoo ya bati iliyopakwa zinki, au katika chombo cha shaba, kitakula chombo hicho, na wewe utakunywa zinki au shaba. Utatapika, utaendesha, na utasema mbegu ilikuwa mbaya.

Kibaya zaidi ni pipa lililotoka kiwandani. Linaonekana zuri, lina kifuniko, bei yake ni ndogo. Lakini lilichukua nini? Asidi? Dawa za kusafishia madini? Mafuta? Plastiki inanywa dawa kama kitambaa kinavyonywa maji. Hata ukiliosha mara kumi, haitoki yote. Usilete nyumbani pipa la namna hiyo, wala usimuuzie jirani. Tumia nyungu ya udongo, kibuyu safi, sufuria ya chuma kisichoshika kutu, au ndoo ya plastiki iliyotengenezwa kwa chakula.

CHACHU HAISAFISHI UNGA MBAYA

Watu wengine husema: unga huu umeota ukungu, haufai kwa bukari, tuufanyie pombe. Sikilizeni habari hii. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2015, huko Chitima nchini Msumbiji, watu walikunywa pombe ya mahindi kwenye matanga. Watu 75 walikufa. Wengine walidhani ni nyongo ya mamba. Wataalamu walipopima walikuta sumu inayotengenezwa na bakteria, na waliona kwamba unga ulioharibika ndio uliotumiwa. Sumu ya namna hiyo haiishi kwa kuchemsha, na chachu haiwezi kuila. Unga uliolowa na kuota ukungu ni wa kutupwa, hata kama njaa ya mwisho wa mwezi inauma.

KIKOMBE KIMOJA, VINYWAJI VIWILI

Munkoyo wa siku ya kwanza ni kinywaji chepesi. Lakini ukitia kilo ya sukari na levire ya dukani, halafu ukaacha siku tatu, hicho si munkoyo tena. Ni pombe kweli, ijapokuwa rangi ni ile ile. Mtoto akipewa, analewa. Mama mwenye mimba asinywe. Na wewe baba unayejaza bidoni jioni ili uimalize usiku, jua kwamba mwili unaondoa pombe polepole. Kahawa haiharakishi, kuoga kwa maji baridi hakuharakishi. Saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya mashine au chini ya mgodi, pombe ya usiku inaweza kuwa bado katika damu yako. Kosa la mkono wako litamwangukia mwenzako.

Kwa hiyo, mama, andika juu ya chombo siku uliyotia mbegu, na kama ulitia levire. Kila anayekunywa ajue anakunywa nini.

Mtu akinywa kisha akaanza kutapika sana, kuona giza, au kushindwa kuamka, mpeleke hospitali upesi, na uchukue chupa yenye kinywaji kile ili mganga akione. Usimpe maziwa na kungoja.

KUMBUKA

Onja mbegu kwa pua kabla ya kuonja kinywaji kwa mdomo. Mbegu hai, mikono safi, chombo cha chakula, unga mzuri. Usalama haubaki kwenye mlango wa kiwanda pamoja na kofia yako ya kazi. Ufuate mpaka nyumbani, mpaka kwenye nyungu.