Sisimizi wapunguza gharama za mizigo na simu

KAMPUNI za kusafirisha mizigo na zile za simu zina tatizo moja: njia iliyo nyeupe asubuhi huweza kujaa ifikapo mchana. Ufumbuzi mmoja umetoka kwa sisimizi.

Sisimizi hawana msimamizi wa kuwapangia njia. Aliyepata chakula huacha harufu chini anaporudi shimoni, na wenzake huifuata na kuiongeza. Wanaopita njia fupi hurudi mapema, hivyo harufu yake hukolea upesi. Njia isiyopitwa, harufu yake hufifia.

Mwaka 1992, Marco Dorigo wa chuo cha Politecnico di Milano, Italia, aligeuza utaratibu huo kuwa hesabu za kompyuta katika tasnifu yake ya udaktari. Programu ndogo nyingi hutafuta njia, na kila moja huziachia nyingine alama za tarakimu badala ya harufu.

Mwaka 1996, watafiti wa maabara ya Hewlett-Packard mjini Bristol, Uingereza, walichapisha jaribio la aina hiyo kwenye kielelezo cha mtandao wa simu wenye vituo 30. Programu zilizopita vituo vyenye msongamano zilicheleweshwa makusudi, na iliyochelewa iliacha alama hafifu. Simu zilizokosa njia zilipungua, zikilinganishwa na zile zilizopitishwa njia fupi isiyobadilika.

Faida ya fedha ilionekana Marekani. Southwest Airlines ilikuwa ikipakia mzigo kwenye ndege ya kwanza inayoelekea upande wa mteja. Kielelezo kilichoiga sisimizi kilionyesha kuwa mzigo wa kutoka Chicago kwenda Boston huweza kuachwa ndani ya ndege inayopitia Atlanta, badala ya kushushwa na kupakiwa upya.

Eric Bonabeau na Christopher Meyer waliandika katika Harvard Business Review la Mei 2001 kuwa uhamishaji wa mizigo katika vituo vyenye shughuli nyingi ulipungua kwa hadi asilimia 80, kazi ya wapakiaji kwa hadi asilimia 20, na faida ilizidi dola milioni 10 kwa mwaka.

Hata hivyo, mfumo huu hutoa njia nzuri kwa haraka. Haudhamini njia bora kuliko zote. Alama zikifutika mapema mno, programu husahau zilichojifunza. Zikikawia, zote hung'ang'ania njia ya jana hata kama imekwishafungwa. Mnunuzi na aulize kwanza kiwango hicho kinapangwa vipi, kisha adai majaribio kwa hesabu za mizigo yake mwenyewe kabla ya kulipa.