Baiskeli ya mlimani Arua na Koboko: mwulize fundi kwanza

Mtu wa Arua akishaamua kununua baiskeli ya mlimani, swali la kwanza analomtupia muuzaji huwa ni la gia: ni ishirini na moja au ishirini na saba? La pili huwa ni la springi: ziko mbele tu, au na nyuma pia? Si maswali ya kipuuzi, lakini yametangulia lile ambalo lingepaswa kuja mbele yake, nalo ni hili: baiskeli hii ikikatika mnyororo au ikitoboka tyubu Jumamosi jioni, ni nani Koboko mwenye kifaa cha kuitengeneza Jumapili? Kwa mpanda baiskeli wa ridhaa wa West Nile, anayeendesha kwa afya na raha na pengine kushindana mara moja moja, chombo bora ni kile ambacho vipuri vyake vimejaa sokoni na fundi wa kawaida anakifahamu. Fedha zinazookolewa kwa kuachana na mapambo ziende kwenye matairi, breki, kofia ngumu na muda wa mazoezi.

Ardhi yenyewe inaunga mkono hoja hiyo. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, imekaa juu ya mgongo wa nchi unaogawa maji: yanayotiririka magharibi huishia mto Kongo, yanayotiririka mashariki huishia Nile, na mpaka wa Uganda na Kongo umefuata mgongo huohuo. Jiji liko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ilhali Rhino Camp, kando ya Nile, iko kwenye mita 600 na kidogo. Barabara ya Arua hadi Koboko, kilomita 55 hivi, ni ya lami, na hapo karibu baiskeli yoyote itakufikisha. Baiskeli ya mlimani huanza kuwa na kazi pale unapoiacha lami na kushika njia ya Wandi kuelekea Terego, au vijia vya Midia upande wa Koboko. Kiangazi, kati ya Desemba na Machi, murram hugeuka vumbi jekundu linalopenya popote penye upenyo. Mvua ikianza, vumbi hilo huwa tope linaloganda kwenye breki na kusaga kila kinachozunguka. Adui wa baiskeli hapa ni uchafu zaidi ya mawe na mashimo. Kila sehemu inayojikunja, kuteleza au kufichwa ndani ya mpira ni mlango mmoja zaidi wa kuingilia uchafu huo.

Tuanze na springi, kwa kuwa ndizo zinazouza baiskeli. Foku nzuri yenye springi kweli hulinda mikono na kulishikilia gurudumu chini kwenye mteremko mbaya. Lakini iliyo nzuri ni ghali, na inadai kufunguliwa, kusafishwa na kubadilishiwa mipira yake kila baada ya muda. Ile ya bei nafuu iliyofungwa kwenye baiskeli nyingi za madukani ni chuma kizito cha kilo mbili na ushei, hudunda bila kutulizwa, na baada ya msimu mmoja wa vumbi huwa imekwama au inalegalega. Mnunuzi amelipia uzito asioutumia. Baiskeli za bei hiyohiyo zenye springi nyuma ni mbaya zaidi, maana viungo vya katikati ya fremu hupata mwanya, na mwanya huo ukishaanza hauna dawa ya kudumu. Foku ngumu ya chuma na matairi mapana ya inchi mbili na zaidi, yasiyojazwa upepo hadi yakawa mawe, humaliza sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Mtu wa kilo 70 anaweza kuendesha tairi la upana huo kwa upepo wa kama psi 30 hadi 35. Wengi hujaza maradufu ya hapo, kisha hulaumu barabara kwa kuwarusharusha.

Gia nazo zina hesabu yake. Mnyororo wa baiskeli yenye gia sita, saba au nane nyuma ni wa upana uleule, ndio uliozagaa madukani, na fundi anaweza kuukata na kuuunga kwa kifaa chake kidogo. Wa gia kumi na mbili ni mwembamba, ni ghali, na ukikatika mbali na Kampala utausubiri basi likuletee. Anayetaka kuwa makini na afanye jambo moja ambalo wapanda baiskeli wengi wa ridhaa hawalifanyi: apime mnyororo kwa rula. Pini za mnyororo huachana kwa nusu inchi, kwa hiyo kutoka pini moja hadi ya ishirini na nne baada yake panapaswa kuwa inchi 12 kamili. Pini ya mwisho ikipita alama ya 12 kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua mnyororo mpya. Ikipita kwa moja ya nane, umechelewa: meno ya nyuma yameshaliwa pamoja nao, na sasa utavinunua vyote viwili. Katika vumbi la Terego alama hiyo hufikiwa mapema kuliko kwenye lami, hasa kwa anayemwaga oili juu ya uchafu bila kufuta kwanza.

Kuhusu magurudumu, ni kweli kwamba ya inchi 29 huvuka mashimo vizuri kuliko ya 26. Anayeyataka ayanunue, mradi azunguke kwanza maduka ya Arua na Koboko akahakikishe tyubu na tairi za ukubwa huo zipo, na anunue za akiba siku hiyohiyo. Vali iwe ile nene kama ya gari, kwa sababu inakubali pampu ya yeyote anayejaza pikipiki za boda boda njiani. Ile nyembamba itakufanya utembee kwa miguu huku pampu zikiwa kila kona. Breki za waya zinatosha. Za mafuta zina nguvu na ni laini mkononi, lakini zikivuja zinahitaji mafuta maalumu na mtu aliyejifunza kutoa hewa ndani yake. Urefu wa tandiko haununuliwi kabisa: kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke. Magoti mengi yanayouma yangepona kwa spana moja.

Atasema mtu: kwa mawazo haya Afrika Mashariki haitatoa bingwa, maana mashindano ya leo yanadai vifaa vya leo. Pingamizi hilo lina uzito, na mfano wake mzuri ni Adrien Niyonshuti wa Rwanda, aliyeshiriki mbio za baiskeli za mlimani kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 na kumaliza wa 39. Hakutumia baiskeli ya bei poa. Lakini tazama nyuma yake: alikuwa mchezaji wa timu ya kulipwa ya Afrika Kusini, MTN-Qhubeka, na timu ya namna hiyo ina mafundi na stoo ya vipuri. Yaani hata kwake kifaa kilikwenda sambamba na fundi wa kukihudumia. Kwa upande wa pili kuna David Kinjah wa Kenya, ambaye chini ya kundi lake la Safari Simbaz, huko Kikuyu, watoto wamejifunza kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa pamoja. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alipitia mikononi mwake utotoni, kisha akashinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Wa ridhaa hana timu. Stoo yake ni soko la Arua, na achague kwa kulitazama hilo.

Mazoezi nayo huharibiwa na tamaa ileile ya kuanzia juu. Mtafiti Stephen Seiler, alipochunguza wanamichezo bora wa michezo ya ustahimilivu, aliona kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni ya mwendo mwepesi, ule ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Itajibiwa kwamba hao hufanya mazoezi saa nyingi kila wiki, na mwenye saa tano hawezi kuzipoteza kwa kutembeatembea. Sawa, mwenye saa chache anaweza kuongeza kidogo sehemu ya mwendo mkali. Lakini kosa la kawaida la wa ridhaa ni kuendesha kila siku kwa ukali wa katikati, ambao unachosha bila kujenga. Safari tatu nyepesi kwa wiki na moja ya kurudia kilima kilekile mara tano au sita zitamfikisha mbali. Wapo pia wanaouliza mazoezi ya nini, ikiwa wabeba mkaa hupanda vilima na magunia bila kocha. Hao wameshafanya mazoezi, miaka na miaka, tena kwa lazima. Anayeshinda ofisini hawezi kudai mapaja yao kwa hoja.

Umbo la nchi lina mtego mmoja. Ukitoka Arua kuelekea mashariki unateremka asubuhi kwa raha, kisha unapanda kurudi jua likiwa utosini. Geuza baiskeli theluthi ya kwanza ya maji inapokwisha, usingoje nusu. Kwa safari ndefu, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, inatosha kabisa kuchukua nafasi ya vinywaji vya rangi vya dukani.

Lami ya Koboko iachiwe safari za lazima na saa za alfajiri, kwa sababu ndiyo njia ya malori yaendayo Sudan Kusini. Vaa kofia ngumu, weka taa nyekundu nyuma, na ukikaribia mpaka wa Kongo huko Vurra au wa Sudan Kusini huko Oraba ongeza tahadhari maradufu: Uganda magari hupita kushoto, ila Kongo na Sudan Kusini hupita kulia, na dereva aliyevuka mpaka sasa hivi anaweza kusahau.