Kisiwa cha Mercer na Daraja Lielealo

Mashariki ya mji mkubwa wa Seattle, katika Marekani, liko ziwa refu liitwalo Washington, na katikati yake kimelala kisiwa cha Mercer. Urefu wake wapata maili tano, na upana wake maili mbili. Ni mji kamili wenye baraza lake na shule zake, na hesabu ya mwaka wa 2020 ilikuta humo watu zaidi ya 25,000. Wengi ni watu wenye mali. Asubuhi huvuka kwenda kazini, na jioni hurudi kulala.

Yasimuliwa kwamba wenyeji wa kwanza wa nchi ile walikwenda kisiwani mchana tu, wala hawakulala huko, kwa kuwa walisema kisiwa huzama usiku na kuibuka alfajiri. Walowezi waliofuata walivuka kwa mashua, kisha kwa meli ndogo za moshi. Mwaka wa 1923 lilijengwa daraja la mbao upande wa mashariki, ambako maji ni membamba. Lakini Seattle iko magharibi, na upande huo ziwa lina kina cha futi 200 na zaidi, tena chini yake ni matope laini. Nguzo zitasimama juu ya nini?

Fundi mmoja, Homer Hadley, alitoa shauri kwamba daraja lielee. Watu wengi walicheka, maana nani aliyepata kuona saruji ikielea? Lakini sanduku la saruji lililo tupu ndani huelea kama sufuria ndani ya karai, ila tu maji yasiingie. Basi masanduku makubwa yakaungwa moja kwa moja, yakafungwa kwa kamba za chuma kwenye nanga zilizo chini ya ziwa, na barabara ikapita juu yake. Daraja lilifunguliwa tarehe 2 Julai 1940, na kila gari lililipa senti 25 mpaka mwaka wa 1949. (Daraja la Tacoma, la jimbo lilo hilo, lilifunguliwa siku moja kabla yake. Hilo halikuelea, nalo upepo ulilivunja mwezi wa Novemba mwaka ule ule.)

Tangu hapo kisiwa kikajaa nyumba. Mwaka wa 1960 wakazi waliamua kujitawala, lakini hawakupatana, hata ikazaliwa miji miwili yenye jina moja: mmoja ukashika karibu kisiwa chote, na mwingine ukashika mtaa wa maduka tu, umezungukwa pande zote na ndugu yake. Mabaraza mawili kwa kisiwa kama kile! Walivumiliana miaka kumi, ndipo wakaungana mwaka wa 1970.

Tarehe 25 Novemba 1990 daraja lile la kwanza lilizama. Lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, na magari yalipita katika daraja la pili, lielealo pia, lililofunguliwa kando yake mwaka wa 1989. Mafundi walikuwa wakikata saruji kuukuu kwa maji yenye nguvu. Maji hayo machafu hayakuruhusiwa kumwagwa ziwani, kwa hiyo yaliwekwa ndani ya masanduku ya daraja lenyewe, na milango ya masanduku ikaachwa wazi. Ikaja dhoruba ya siku kadha, mvua na mawimbi yakaingia. Sanduku moja lilipokwenda chini lilivuta mwenziwe, na katika kuzama zilikatwa baadhi ya kamba za daraja la pili. Hakufa mtu. Lakini fikirini wazazi waliokuwa na watoto ng'ambo, na njia iliyosalia nayo imelegea nanga! Daraja jipya lilifunguliwa mwaka wa 1993.

Watu wa kisiwani hawajaacha kushindana kwa ajili ya njia ile. Barabara kuu ilipotaka kupanuliwa, walishindana miaka mingi hata sehemu yake ikafunikwa, na juu ya paa hilo leo ipo bustani yenye viwanja vya michezo, iitwayo kwa jina la Aubrey Davis aliyekuwa meya wao. Mwaka wa 2017 walikwenda mahakamani, kwa sababu dereva wa kisiwani aliye peke yake garini alikuwa akipoteza ruhusa ya kupita katika njia za haraka. Mwisho walipatana kwa fedha. Majirani wengine waliwaona kuwa watu wa kujipendelea. Sisi twaona neno lao lina haki kwa nusu, kwani mtu wa bara akifungiwa barabara hutafuta nyingine, bali wao hawana.

Njia zile zilitwaliwa ili reli ilazwe juu ya daraja la 1989. Kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa maana maji ya ziwa hupanda na kushuka kama futi mbili kwa mwaka, na daraja hupanda na kushuka nayo, lakini nchi kavu haisogei. Kwa hiyo mafundi walitengeneza viungo vya reli vinavyoinama kidogo kidogo mahali daraja linapokutana na ufuko, gari la moshi lisiruke.