TUWASAIDIE WATOTO WETU KUZIDISHA

Watoto wetu wanapojifunza kuzidisha shuleni hurudi nyumbani wakiimba: "Mbili mara moja, mbili. Mbili mara mbili, nne. Mbili mara tatu, sita." Wimbo huo ni mzuri. Lakini hebu mkatize mtoto katikati umwulize: "Sita mara saba ngapi?" Wengi hunyamaza. Wengine huanza wimbo upya tangu mwanzo, huku wanahesabu vidole. Mtoto wa namna hiyo anajua wimbo, lakini bado hajajua kuzidisha.

Wazazi wengine husema, "Hiyo ni kazi ya mwalimu. Sisi tulisoma kisomo cha watu wazima tu." Wazazi wenzetu, tusiseme hivyo. Mwalimu ana watoto wengi darasani, hawezi kumwuliza kila mmoja kila siku. Sisi nyumbani tunao wachache.

Kuna faida gani?

Tuchukue mfano wa pamba. Mkulima amepeleka mafurushi 7 kupima. Kila furushi lina kilo 60. Je, jumla ni kilo ngapi? Anayejua kwamba 6 mara 7 ni 42, anajua papo hapo kwamba 60 mara 7 ni 420. Sasa karani akiandika 402, kwa kukosea au kwa kusudi, mkulima huyo atasema, "Ngoja kwanza, ndugu karani." Asiyejua atapokea fedha na kwenda zake. Amepoteza kilo 18. Tuseme kilo moja ni shilingi 1,000. Basi ameacha shilingi 18,000 mezani, jasho lake mwenyewe.

Hesabu zimo katika kazi zetu

Mwaka 1968 mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, uliosaidiwa na UNESCO, ulianza huku kwetu kandokando ya Ziwa. Watu wazima walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kutumia mambo ya kazi zao: pamba, ng'ombe, migomba na uvuvi. Njia hiyo inawafaa watoto pia.

Mtoto akienda sokoni anaona samaki wamepangwa mafungu. Mwulize: "Mafungu 6, kila fungu samaki 4, wote wangapi?" Ahesabu mwenyewe, apate 24. Au tazameni bao, ambalo Wasukuma huliita isolo. Bao la safu 4, zenye mashimo 8 kila safu, lina mashimo 32. Ukitia kete 2 kila shimo, kete zote ni 64. Hapo mtoto anaona kwa macho yake kwamba kuzidisha ni kujumlisha mafungu yaliyo sawa. Akishaelewa hivyo, ndipo akariri. Kukariri bila kuelewa ni kujaza maji katika tenga.

Mzigo si mkubwa kama tunavyodhani

Kuanzia 1 mara 1 mpaka 10 mara 10 kuna hesabu 100. Mtoto akiziona zote pamoja anaogopa. Lakini tuzipunguze hatua kwa hatua.

Kwanza, mpe mtoto kokoto 15. Azipange safu 3, kila safu kokoto 5. Halafu azunguke upande wa pili atazame. Sasa anaona safu 5 za kokoto 3. Kokoto ni zile zile. Kwa hiyo 3 mara 5 ni sawa na 5 mara 3. Akijua moja amejua mbili.

Pili, aanze na zilizo rahisi. Mara 1 haibadilishi kitu. Mara 10 ni kuongeza sifuri mwishoni. Mara 2 ni namba na mwenzake: 7 na 7 ni 14. Mara 5 ni nusu ya mara 10: 8 mara 10 ni 80, basi 8 mara 5 ni 40.

Tatu, mara 4 ni mara 2 iliyorudiwa. Mathalani, 4 mara 7: 7 na 7 ni 14, halafu 14 na 14 ni 28.

Nne, mara 9 iko vidoleni. Nyosha vidole vyote kumi mbele yako. Unataka 9 mara 4? Kunja kidole cha nne kuanzia kushoto. Kushoto kwake vimebaki vidole 3, kulia vidole 6. Jibu ni 36. Jaribu na 9 mara 7, utapata 63.

Sasa zimebaki ngapi? Zimebaki 10 tu! Hizi hapa:

3 mara 3 ni 9
3 mara 6 ni 18
3 mara 7 ni 21
3 mara 8 ni 24
6 mara 6 ni 36
6 mara 7 ni 42
6 mara 8 ni 48
7 mara 7 ni 49
7 mara 8 ni 56
8 mara 8 ni 64

Hizi ndizo za kukariri. Ziandike kwa mkaa ukutani au kwenye kipande cha boksi. Mbili kwa siku zinatosha. Kwa siku tano mtoto amezipitia zote. Lakini asiziache hapo. Mwulize tena kesho, na tena baada ya juma moja. Tena uziulize kwa kuchanganya, siyo kwa kufuata wimbo.

Tusiwachape

Mtoto akikosea, tusimchape wala kumwita mjinga. Mtoto mwenye hofu anafikiria fimbo, hafikirii hesabu. Wengine hutoroka shule kwa sababu hiyo, wakaishia mwaloni kubeba ndoo za dagaa. Akikosea mrudishe kwenye kokoto, ahesabu, aone jibu mwenyewe.

Tena tusiwasahau watoto wa kike. Mara nyingi jioni binti yuko jikoni, kaka yake yuko na daftari. Mwulize naye wakati anachambua mchele au mnapotoka kuchota maji. Naye kesho atauza, atanunua, atapima mazao.

Na mzazi uliyesahau, usione aibu. Jifunze pamoja na mwanao, mkiulizana kwa zamu. Ukishindwa wewe, yeye atafurahi kukufundisha, na anayefundisha hasahau upesi.

Basi tuanze leo jioni, kabla ya kulala. Dakika kumi tu. Kokoto ziko mlangoni, na vidole tunavyo.