Kufungua Programu Si Kujifilisi

Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Karatu hadi lango la Ngorongoro. Wenye hoteli na gereji za Karatu hawaimiliki, lakini riziki yao hupita juu yake. Twaomba wauzaji wa programu za kompyuta waitazame biashara yao hivyo.

Wako wanaodai kuwa mwenye kuutoa bure msimbo, yaani maagizo yanayoiunda programu, amejifilisi. Hatukubaliani nao. Kampuni ya Sun Microsystems ilinunua StarOffice mwaka 1999, na mwaka 2000 ikaufungua msimbo wake kwa jina la OpenOffice, huku ikiendelea kuuza StarOffice na huduma zake. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakatoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili.

Ni kweli, Sun ilimezwa na Oracle mwaka 2010. Lakini mwaka huo huo msimbo uleule ulizaa LibreOffice, na nyaraka za wateja zikaendelea kufunguka. Mnunuzi mwenye dhamana ya namna hiyo hasiti kutoa fedha.

Je, muuzaji wa programu iliyofungwa akifunga duka, kumbukumbu za ofisi ya Karatu, Unguja au Pemba zitasomwa na nani? Wakuu wa idara waulize hilo kabla ya kutia saini.